Raundi Kumi Bila Kufa Njiani

"Toa huo mchanga wako kwenye reli."

"Mchanga ndiyo dawa. Magurudumu yakiteleza unamwaga mchanga. Nimeendesha treni miaka thelathini na moja."

"Hii ya kuweka mfukoni hii? Gia zake ndogo kama meno ya panya. Chembe moja ikiingia imekufa."

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La sita. Na wewe uliyesoma uligonga ng'ombe wawili wa baba yangu mkubwa mchana kweupe."

Hapo akavuta kopo lake. Mzee Yotham ukimtajia wale ng'ombe anafunga kopo la mchanga polepole kama mtu anayefunga dawa. Ni dereva wa treni mstaafu, njia ya Kaliua mpaka hapa Mpanda. Mimi naitwa Luhende, fundi simu na redio, meza yangu iko kwenye baraza la duka la Athuman, Kashaulili. Na kitu tulichokuwa tunagombania ni kichwa cha treni kirefu kama simu ya batani.

Treni ni ya Athuman. Alifungua belo la mtumba wa vitu vya watoto, chini kabisa akakuta boksi: kichwa kimoja cha kijani, mabehewa manne, vipande vya reli, na kitabu cha maelekezo cha Kijerumani. Siyo mdoli ile. Mpaka vitasa vya milango vipo, vidogo kama chawa. Akaipanga duara juu ya kaunta, akaunga betri ya bodaboda, akasema watu wa kijiji cha Mamba wakileta mchele mjini watasimama kuangalia, na mtu akishasimama ananunua.

Wakasimama kweli. Na treni nayo ikasimama. Inaenda nusu duara, inakufa. Unaisukuma na kidole, inaenda, inakufa. Watu wakaanza kusema Athuman ameleta treni ya ukweli kabisa, imeshafika pori la Ugalla imelala.

Athuman hapendi kuchekwa. Mimi nami nina mdomo. Nikasema mbele za watu, hiyo naitengeneza nikiwa nakunywa chai.

"Rudia hayo maneno niandike," Athuman akasema.

Yeye bila maandishi hujasema kitu. Ukimsalimia anatamani usaini. Akachukua kalamu yake ya chuma, ya kubonyeza, aliyopewa na wakwe zake wa Tabora, akaandika kwenye daftari: Jumamosi saa nne, treni izunguke raundi kumi bila kufa njiani. Ikishindwa, Luhende ahamishe meza, baraza apewe Arcade muuza miwani. Nikasaini, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Usiku sikulala vizuri. Ile meza ndiyo kazi yangu. Ukitoka kwa Athuman unaenda nyuma ya soko, na nyuma ya soko hakuna mtu anayepeleka simu. Anayepita kule anatafuta kuku wake.

Basi nikaanza. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa uchafu. Ile treni inakula moto wa betri kwenye reli kupitia magurudumu, sasa reli zimeota weusi na vumbi letu la Mpanda limekaa juu, moto utapitaje? Nikasugua reli zote kwa ufutio wa shule na spiriti. Kwenye magurudumu nikatoa nywele, nyuzi za mtumba, na kitu kingine sikutaka kukijua. Kwenye maungio ya reli moto ulikuwa unakatika, nikachomelea nyaya. Ikatembea raundi tatu safi. Halafu ikaanza kunuka.

Nikafungua kichwa chenyewe. Ndani kuna mota, na kwenye mota kuna kaboni mbili za kupitishia moto, kila moja inasukumwa na springi nyembamba kama kope. Nilipogusa tu, springi moja ikaruka. Niliiona ikipaa. Ikatua kwenye gunia la mchele lililofunguliwa.

Nilichambua mchele mpaka macho yakatoa machozi. Sauda, mke wa Athuman, akatoka nyuma ya duka na beseni lake la vitumbua, akasimama.

"Fundi simu tangu lini anachambua mchele?"

"Nawasaidia, shemeji."

"Mh."

Sikuipata. Mpaka leo nikikaribishwa wali nyumba yoyote hapa mjini natafuna taratibu.

Siku mbili nikatafuta springi nyingine. Za tochi nene, za redio ngumu, za simu siyo springi, ni vibati tu. Alhamisi mchana Athuman akaenda kuswali. Kalamu ya wakwe imelala juu ya daftari. Sitaki kusema uongo, sikufikiria hata kidogo. Nikaifungua, nikatoa springi, nikaipunguza robo, iliyobaki ikaingia kwenye mota kama ilizaliwa humo. Treni ikatembea mpaka nikachoka kuiangalia. Kalamu nikaifunga vizuri, nikairudisha palepale.

Ila sasa ukiibonyeza ncha haikai. Ijumaa nzima Athuman aliandika huku amegandamiza kitako cha kalamu na dole gumba, analalamika.

"Vitu vya siku hizi, Luhende. Chuma kitupu lakini haidumu."

"Haidumu, bosi." Nilikuwa naangalia barabarani.

Mzee Yotham hakuna aliyemwita. Alisikia kuna treni mjini, akaja. Siku ya kwanza aliangalia, ya pili alikosoa, ya tatu akamwambia Athuman treni haiwezi kuondoka bila dereva, na dereva yupo. Athuman akakubali haraka, alishaona watu wanampenda. Akapewa kukaa kwenye kile kinobu nilichotoa kwenye redio mbovu, cha kuongeza na kupunguza mwendo. Ndiyo akaja na kopo lake la mchanga, na ndiyo ule ugomvi wa Jumamosi asubuhi, saa tatu na nusu, wakati watu wameshaanza kujaa.

"Leo humwagi mchanga," nikamwambia. "Meza itakayoondolewa ni yangu, siyo yako."

"Sawa. Lakini kopo linakaa hapa."

"Likae."

Saa nne Athuman akafungua daftari kwenye ukurasa wenye sahihi yangu. Arcade alikuwa ameshakuja na kabati lake la miwani, amelisimamisha pembeni ya meza yangu, anapima kwa macho. Nikamwambia kama amekuja kuzika angoje mtu afe kwanza.

Mzee Yotham alikuwa amevaa kofia ya kazi na koti la bluu lenye vifungo vya shaba. Akaangalia saa. Akaangalia reli, kulia, kushoto. Akapiga filimbi kwa mdomo, akazungusha kinobu polepole. Treni ikaondoka.

Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wanahesabu kwa sauti. Ya tano Arcade akaanza kung'ata kucha. Ya sita mtu akasema hii sasa siyo ya Mpanda, inafika kwa wakati. Nilikuwa nasikiliza mota tu, haina kelele, haina harufu.

Ya nane ikianza, baba mkubwa Ndaki akaingia.

Huyo ndiyo mwenye wale ng'ombe. Ametoka Kasokola kununua dawa ya kuogeshea mifugo, chupa iko kwapani, kitumbua cha Sauda mkononi. Akanisogelea.

"Hicho ni nini?"

"Treni, baba. Usiguse."

"Anaendesha nani?"

"Mzee Yotham."

"Yule yule?"

"Yule yule. Baba, nakuomba, zimebaki tatu tu."

Akamalizia kitumbua. Kwenye rafu ya Athuman kulikuwa na ng'ombe wa plastiki, mwenye madoa, wa belo lilelile. Baba mkubwa akamchukua, akamgeuza, akamwangalia meno kama yuko mnadani. Halafu akanyoosha mkono katikati ya watu na kumsimamisha juu ya reli. Akambonyeza vizuri asianguke. Akakunja mikono.

Treni ilikuwa inatokea upande wa pili wa kaunta. Nilitaka kumtoa yule ng'ombe lakini mbele yangu kulikuwa na mama mnene na debe. Mzee Yotham akaona. Niliona amemwona ng'ombe, halafu akamwona baba mkubwa. Uso ukamkauka. Mkono wake ukazungusha kinobu kurudi, siyo kwa pupa, na treni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Kati ya kichwa cha treni na pua ya ng'ombe ungeweza kupitisha kidole kimoja.

Watu wakaacha kuhesabu.

Baba mkubwa akainama, akapima ile nafasi. "Kumbe inasimamaga," akasema.

"Ile ilikuwa na mabehewa kumi na saba," Mzee Yotham akasema. "Na mteremko. Niliwaona, Ndaki. Nilifunga breki mpaka mkono ukauma. Niliwaona mpaka mwisho."

Baba mkubwa akafikiri. Akamtoa ng'ombe kwenye reli, akamrudisha rafuni, akampangusa vumbi.

"Imesimama," Arcade akasema. "Imesimama raundi ya nane. Imeandikwa bila kufa njiani."

"Imekufa?" Mzee Yotham akamgeukia. "Dereva akisimamisha kwa ajili ya mnyama treni imekufa? Wewe uza miwani."

Watu wakacheka. Athuman akasoma daftari lake mara mbili. "Zilizobaki zimaliziwe," akasema. "Ikigoma kuondoka, imekufa."

Mzee akazungusha kinobu. Mota ikalia, magurudumu yakazunguka, treni palepale. Inateleza. Nikainama, nikaona reli inang'aa: mafuta ya kitumbua, alama za vidole vya baba mkubwa, vyote vitano. Nikatafuta kitambaa, spiriti iko mezani nje, na Arcade ameshaanza kuhesabu: moja, mbili.

Mzee Yotham alikuwa ananiangalia tu, mkono juu ya kopo.

"Kidogo," nikamwambia. "Kidogo sana."

Akachota kwa ncha mbili za vidole, kama chumvi ya mtu mwenye presha, akadondosha mbele ya magurudumu. Yakakwaruza. Yakashika. Treni ikajivuta, ikaondoka, ikamaliza ya nane, ya tisa, na ya kumi, na gia zikilia krrr krrr ambayo mpaka sasa naisikia mwilini. Itabidi nizifungue zote.

Arcade akabeba kabati lake. Athuman akafunga daftari, akaniambia meza ikae, na niondoe waya zangu mlangoni.

Lakini Mzee Yotham alikuwa hajamaliza. Treni ikisimama njiani lazima dereva aandike taarifa, ndivyo alivyofundishwa. Akaomba karatasi. Akaomba kalamu. Athuman akampa ile ya wakwe.

Mzee akabonyeza, ncha haikukaa. Akabonyeza tena. Nikaanza kukunja waya zangu. Akaifungua, akachungulia ndani kwa jicho moja, akaitikisa. Hakuna kilicholia. Akainua macho akaangalia kile kichwa cha treni, halafu akaniangalia mimi, muda mrefu.

"Ina nini?" Athuman akauliza.

"Wino," Mzee akasema, akaifunga na kumrudishia. Akatoa penseli mfukoni, akaandika mistari minne, akasaini, akampa baba mkubwa Ndaki asaini kama mwenye mnyama. Baba mkubwa akaweka dole gumba, lenye mafuta.

Nikatoka nje, nikakaa mezani kwangu. Mzee Yotham akapita hapo, akaweka kopo la mchanga katikati ya simu zilizofunguliwa.

"Wakati wa ukame wa vipuri," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nilishafunga bomba la breki kwa mkanda wa suruali yangu. Lakini ulikuwa mkanda wangu. Jumatatu springi ya watu iwe imerudi."

Akavuta kofia mbele, akageuka, akaenda zake upande wa stesheni.