Kipaza Kimekufa

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka kutoka katika wingu lililokuwa limeukalia mji tangu alfajiri, Kiranja aliufunga mwavuli wake nje ya duka la vifaa vya muziki, akaukung'uta mara tatu, akaingia na kuuliza ni nani aliye wa kwanza kwenye foleni.

Foleni haikuwapo. Palikuwa na watu wanne waliojisimamia ovyo mbele ya kaunta, kila mmoja akiamini kwamba zamu ni yake. Aliwapanga. Mwenye duka, ambaye wateja walimwita Mama Nyaya kwa sababu ya mafungu ya waya yaliyoning'inia juu ya kichwa chake, aliinua macho akacheka.

"Karibu, Kiranja. Leo umefungua shule mapema."

"Haikuwa imefungwa, mama."

Jina hilo alipewa na wanamuziki. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika ufundi wa sauti, na jukwaa alilisimamia kama kiranja anavyosimamia bweni: waya ulikunjwa kwa duara, kikombe cha chai hakikukaribia mitambo, na Kiswahili kilisemwa kama kilivyopaswa kusemwa. Aliyetamka "maiki" alirudishwa hadi aseme "kipaza sauti". Walimcheka kisogoni, naam, lakini shule, kumbi na kwaya hazikununua hata betri kabla ya kumwuliza yeye, kwa kuwa hakuwahi kupokea bahasha ya muuzaji yeyote. Neno lake ndilo lililokuwa mtaji wake. Alilijua hilo, na alilionea fahari kupita kiasi.

Safari hii alikuwa ametumwa na shemeji yake, kaka wa mke wake, ambaye mchana alitengeneza magari na mwisho wa juma alipiga gitaa katika bendi. Onyesho lililopita, gitaa hilo lilisikika ukumbini kama mtu anayezungumza chini ya blanketi, na mwenye ukumbi hakuficha kuudhika kwake. Jana yake shemeji alikuwa ameandika kwenye simu: "Shem, kipaza kimekufa. Tafuta kingine cha bei nafuu, tusiaibike tena Jumamosi." Kiranja aliusoma ujumbe mara mbili. Alifurahi kwamba hatimaye shemeji ameandika neno linalostahili.

Zamu yake ilipofika, Mama Nyaya alitandaza kitambaa juu ya kaunta, akaweka vipaza sauti vitatu. Kimoja kilimetameta na kilikuwa na swichi ubavuni. Kimoja kilikuwa chembamba kama kalamu. Cha tatu kilikuwa kifupi, kizito, chenye rangi ya sufuria iliyoungua, na bei yake ilikuwa theluthi ya bei ya kipaza cha jina mashuhuri kilichofungiwa kabatini.

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa nyuma yake, hakuweza kujizuia. Alikinyakua chenye swichi. "Hallo, hallo! Moja, mbili, moja, mbili! Jamani, hiki kinaimba chenyewe."

"Mwalimu," Kiranja alisema, "gitaa halisemi hallo."

Watu walicheka, mwalimu naye akacheka. Kiranja alikirudisha kitambaani. Kipaza cha kuwekwa mbele ya amplifaya ya gitaa, alieleza, hakitakiwi kuwa na swichi, kwa sababu mtu ataigusa kwa goti katikati ya wimbo na hakuna atakayejua gitaa limekwenda wapi. Kile chembamba kilihitaji kulishwa umeme kutoka kwenye meza ya mitambo, na kilikuwa na masikio makali mno. Kingenasa hata ngoma iliyo upande wa pili wa jukwaa. Cha tatu kilistahimili makelele, kilisikiliza kilichokuwa mbele yake na kukipa kisogo kilichokuwa nyuma. Tena kingeweza kuning'inizwa kwa waya wake bila kudai mguu wa kukisimamisha.

"Hicho ndicho rahisi kuliko vyote," Mama Nyaya alisema. "Nisije nikalaumiwa."

"Urahisi si aibu, mama. Aibu ni kulipia jina."

"Basi ukikithibitisha," mwalimu alidakia, "nami Ijumaa nakuja kuchukua sita vya kwaya."

Kiranja alikilipia, na Alhamisi jioni akakijaribu katika chumba cha mazoezi. Shemeji alikuwa zamu gereji, hivyo mpiga besi akashika gitaa kwa niaba yake. Amplifaya ilikuwa sanduku lenye spika mbili zilizofichwa nyuma ya kitambaa cheusi, moja kushoto, moja kulia. Tangu bendi ianzishwe, Kiranja aliweka kipaza mbele ya spika ya kushoto, kwa kuwa ngoma zilikaa kulia. Umbali ulikuwa vidole viwili, wala haukuwahi kuwa vitatu. Ndivyo alivyofanya. Blanketi lilikuwa palepale. Alibadilisha waya, akabadilisha tundu mezani, akasogeza kipaza kwa upana wa ukucha. Kwenye vifaa vyake vya masikioni sauti ilitoka nzito, imeziba, kana kwamba gitaa lilikuwa limeugua mafua.

"Labda amplifaya?" mpiga besi aliuliza.

"Chumbani unaisikia vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Basi amplifaya haina neno," Kiranja alisema, akakitia kipaza kwenye boksi lake.

Ijumaa duka lilikuwa limejaa. Kiranja hakusubiri zamu, jambo ambalo peke yake liliwafanya watu wanyamaze. Aliliweka boksi juu ya kaunta na kusema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi mstari wa nyuma, kwamba kipaza hicho ni bandia, kwamba ndani yake hamna kitu, na kwamba duka linalouza bidhaa ya namna hiyo lisiaminiwe hata kwa msumari.

Mama Nyaya hakupandisha sauti. "Tukijaribu hapa hapa, sote tukisikia?"

"Nimekwisha kujaribu mimi."

Mama Nyaya alimrudishia fedha zake zote papo hapo. Mwalimu wa kwaya, ambaye pochi yake ilikuwa tayari mkononi, aliitazama, akaifunga, akaaga kwa heshima. Watu wawili wakamfuata. Kiranja alitoka akijiona ametenda haki.

Jumamosi, saa tisa alasiri, alikuwa ukumbini akifunga mitambo, kipaza cha zamani kikiwa mahali pake pa siku zote, vidole viwili kutoka kwenye kitambaa cheusi. Alikuwa ameamua kuvumilia aibu moja zaidi kuliko kununua upuuzi. Shemeji aliingia na gitaa mgongoni.

"Shem, kipya kiko wapi?"

"Nimekirudisha. Kilikuwa kibovu. Leo tunatumia hiki cha zamani."

"Cha zamani kipi? Si nilikuambia kimekufa?" Shemeji alichuchumaa mbele ya amplifaya, akakitazama kipaza, akamtazama Kiranja. "Sasa wewe nawe, mbona umekisimamisha mbele ya maiti?"

Alibandua kitambaa cheusi upande wa kushoto. Karatasi ya spika ilikuwa imepasuka kutoka katikati hadi ukingoni, na waya wake mmoja ulikuwa unaning'inia. Sauti yote iliyosikika chumbani ilikuwa ya spika ya kulia ikifanya kazi ya mbili.

"Hiki hapa ndicho kipaza kilichokufa. Kilipasuka kwenye mazoezi kabla ya onyesho lile."

"Hiyo," Kiranja alisema polepole, "ni spika."

"Lahaula! Leo ni wewe wa kusema spika? Ningeandika spika ungenirudishia ujumbe umejaa wino mwekundu. Nikafungua kamusi, shem. Kamusi! Kipaza sauti ni maiki, kipaza sauti ni spika pia. Nikasema haya, leo nimempata mwalimu wangu."

Wanabendi walicheka hadi mpiga ngoma akakaa chini. Kiranja alikihamisha kipaza cha zamani upande wa kulia, akavaa vifaa vya masikioni, akaomba nota moja moja. Gitaa lilitoka safi, likiwa na kila ukwaruzo wa kidole kwenye uzi. Alizisikiliza nota sita, uso mkavu.

"Mambo yamekwisha," shemeji alisema. "Ukumbi hatuupotezi tena. Mbona umenuna?"

"Nimemchafua mtu."

"Nani? Yule mama? Mpigie simu, mwambie pole, yaishe."

"Nilisema mbele ya watu."

"Na watu wana shughuli zao. Lakini ukienda kusimama pale kujitangaza kwamba hukujua spika iliyopasuka, Jumatatu ijayo ni nani atakuuliza anunue nini? Fikiri, shem. Hiyo ndiyo kazi yako."

Kiranja alikuwa anafikiri hilo hilo. Onyesho lilikwenda vyema, mwenye ukumbi akawapa tarehe nyingine, naye hakuisikia furaha yake.

Jumapili alikaa mezani na karatasi, aandike maneno ya kumwomba radhi Mama Nyaya. Aliandika kwamba kulikuwa na utata wa istilahi. Akayafuta. Aliandika kwamba alipewa taarifa isiyokamilika. Akayafuta hayo pia, kwa nguvu, kwa kuwa mama yule aliomba kipaza kijaribiwe mbele ya wote, na aliyekataa hakuwa kamusi.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimfuata mwalimu wa kwaya shuleni kwake na kumweleza. Mwalimu alijikuna kidevu.

"Nimekwisha nunua sita, Kiranja. Duka jingine. Jumamosi."

"Vya namna gani?"

"Vyenye swichi."

Kiranja aliyameza maneno yaliyomjia. "Naomba unifuate mjini. Ulikuwapo niliposema, nataka uwepo nitakapojibu."

Walifika saa saba mchana. Wateja walikuwa watano. Mama Nyaya aliwaona, akaendelea kumpimia mtu waya, na Kiranja akasimama nyuma ya wa tano. Zamu yake ilipofika hakuinamia kaunta. Aligeuka, akawatazama waliokuwamo.

"Ijumaa nilisema hapa kwamba kipaza sauti cha mama huyu ni bandia. Kilikuwa kizima. Nilikielekeza kwenye spika iliyokufa, sikuikagua, na aliponitaka tukijaribu mbele ya watu nilikataa kwa kiburi. Duka hili halikukosa. Nilikosa mimi."

Mama Nyaya aliweka mkasi chini.

"Yule bwana wa mlangoni ndiyo kwanza anaingia," alisema. "Ijumaa alikuwapo. Haya ya leo hajayasikia."

Kiranja alimgeukia bwana wa mlangoni na kuyarudia yote tangu neno la kwanza, bila kupunguza hata moja. Bwana yule aliduwaa, mwalimu wa kwaya akatazama viatu vyake.

"Vipaza sita vya mwalimu vimekwenda," Mama Nyaya alisema.

"Vimekwenda. Mauzo hayo siwezi kukurudishia."

"Hapana, huwezi." Aliuchukua tena mkasi. "Lakini maneno niliyokuwa nakudai umenilipa. Hatudaiani."

"Asante, mama."

"Haya, nani anafuata?"