Msiba wa Bibi na Sheria za Fleti

Baba aliuza nyumba yetu ya Nyahanga akanunua fleti ghorofa ya pili, hapa Kahama mjini. Mimi nilitamba kwa washkaji kinoma. Wiki iliyopita bibi akafariki. Tunafunga turubai uani, mwenyekiti wa fleti akashuka na karatasi.

"Pole sana, Baba Limi, ila sheria ulizisaini. Hakuna turubai, hakuna kuwasha kuni, hakuna wageni kulala."

Shangazi akamgeukia baba: "Kaka, ulinunua nyumba au ulipanga gesti?"

Baba akafungua turubai, akalikunja. Tukabeba masufuria mpaka Nyahanga, akapiga hodi kwenye geti alilolijenga mwenyewe. Mama Dorika, aliyeinunua nyumba, akatukaribisha vizuri tu. Siku tatu tulimlilia bibi pale, na baba hata kuhamisha kiti alikuwa anaomba ruhusa.