Mfoko wa Pili

Rasto Odhiambo, fundi saa wa Busia, hakuwa mtu wa kukabidhi kazi asiyoijaribu. Ukimletea saa, ataiweka sikioni mpaka aridhike, hata kama basi lako linapiga honi. Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwaka 1968, mwalimu Aguti alipovuka mpaka kutoka Tororo kufuata kifaa chake, alikikuta kimepona lakini hapewi.

"Tukijaribu kwanza, mwalimu," alisema Rasto.

"Mzee, mimi nakwenda Dabani kwa dada yangu. Nipe tu."

"Tukijaribu kwanza."

Kilikuwa bomba fupi la shaba lenye kioo cha pembe tatu ndani, na mbele yake vibamba viwili vyenye makali ya wembe, vilivyoachiana mwanya mwembamba kama unywele. Kilikuwa kimeanguka, vibamba vikapinda. Mafundi wawili walimwambia Aguti akitupe. Rasto alivinyoosha na kuvisugua siku nne, bila kujua kazi yake.

Aguti alicheka, akashindwa kubisha. Darubini alikuwa nayo kwenye mzigo. Waliisimamisha nyuma ya duka, akaifungia bomba lile, akauleta ukingo wa jua kwenye mwanya.

"Usiangalie jua lenyewe, mzee, angalia humu. Mwanga unatawanyika kuwa rangi. Huu mstari mwekundu ni wa gesi ya haidrojeni. Nikipanua mwanya, naona gesi inayofoka nje ya jua. Nikiubana, mstari ukipinda upande wa rangi ya chungwa, ile gesi inakuja kwetu. Ukipinda upande wa pili, inatukimbia."

Rasto aliinama. Kwanza aliona giza, kisha wekundu, kisha ukingo wenye vinyweleo kama shavu la mtu asiyenyoa. Pale katikati uzi ulichomoza, ukarefuka.

"Kuna kitu kinapanda!"

Aguti alichungulia, akaubana mwanya. Mstari ulipinda kwenye chungwa, safi, bila ile michirizi ya vumbi iliyomsumbua miaka miwili. "Mzee, saa yako! Tupime muda!"

Dakika kumi na mbili uzi ule ulipanda, mpaka ukawa mrefu kama dunia tano zilizopangwa, kisha ukaanza kurudi chini.

"Utatoka tena?" aliuliza Rasto.

"Hilo ndilo ninalotafuta. Kama pale pale panafoka mara ya pili."

Basi la Dabani lilipita. Hakuna aliyeligeukia. Wilkister, mke wa Rasto, alimvuta mwalimu jikoni anywe chai, lakini mumewe alikataa kubanduka. Wateja walipiga hodi dukani, wakachoka. Rasto alihisi raha ambayo hakuwa ameipata tangu alipofungua saa yake ya kwanza: kuona ndani ya kitu kinachotembea.

Dakika ya arobaini na nane alipiga yowe. Aguti alikuja mbio, chai ikimwagika. Uzi mwingine, pale pale.

"Umeuona wewe kwanza," alisema, akafungua daftari na kuandika: *Mfoko wa pili. Mwangalizi: R. Odhiambo. Saa tano na dakika tisa.*

Rasto alisoma juu ya bega lake.

"Na sekunde ishirini, mwalimu," alisema. "Andika na sekunde."