CD za Macharia

"Haijakwaruzika," Kinuthia alisema. "Usijisumbue kuipangusa."

Kalondu alikuwa ameshaishika CD kwa ncha za vidole, kitambaa laini mkononi, akiifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila gemu iliyorudishwa. Vumbi la Witeithie huingia kila mahali, watoto huziacha CD sakafuni, watu wazima huziwekea vikombe juu, na yeye huzisafisha, akazijaribu kwenye mashine yake kuukuu ya kuchezea gemu pembeni mwa kaduka, mteja akaona kwa macho yake kwamba zinacheza. Hakuna aliyewahi kurudisha gemu kwa sababu nyingine ila uchafu na mikwaruzo.

"Basi shida ni nini?"

"Inasema si yangu."

Kinuthia alikuwa mwanafunzi mrefu, mwenye sauti ya upole, aliyekaa kwenye hosteli za nyuma ya barabara kuu. Alimgeuzia simu yake. Kwenye picha palionekana kioo cha televisheni, cheusi, na maandishi meupe katikati. Kalondu alisoma Kiingereza hicho polepole, mara mbili. Mchezo huu umesajiliwa kwa Macharia W. Mwombe mwenyewe auachilie.

"Ni hizi mashine mpya," Kinuthia akasema. "Mtu wa kwanza kuweka CD ndani, inashikana na jina lake. Hata akiiuza, hata akiitupa, bado ni yake mpaka aingie kwa mashine yake aiachilie."

Kalondu alikuwa amewahi kusikia maneno hayo kwa wateja na kuyapuuza. Aliisukuma CD ndani ya mashine yake kuukuu. Muziki ukalia, wachezaji wakatoka mbio uwanjani.

"Hapa inacheza."

"Hapo ni ya zamani, mathe. Sisi sote tunahamia mpya." Kijana hakuondoka. Aliegemea kaunta, akashusha sauti. "Huyu Macharia ni nani?"

"Simjui. Niliuziwa na mama mmoja wa Ruiru. Katoni nzima ya gemu za mitumba, zimetunzwa vizuri."

"Mama anacheza gemu?" Kinuthia alicheka kidogo, kwa mdomo tu. "Sisemi kitu. Lakini unajua kwetu hosteli walivunja vyumba muhula uliopita. Mashine zikaenda, CD zikaenda. Mpaka leo hakuna mtu ameshikwa."

Aliitoa CD yake kwenye mashine, akaenda nayo bila kudai kurudishiwa chochote. Hilo lilimsumbua Kalondu kuliko kama angegombana.

Alianza biashara hiyo kwa kufagia. Huko Kahawa Wendani, miaka ya nyuma, aliajiriwa kusafisha chumba cha kuchezea gemu, na katika kuokota CD chini ya viti akajifunza ipi inapendwa na ipi imechosha watu, ipi itarudi na ipi haitarudi. Alipofungua kaduka kake Witeithie watu walishangaa, mwanamke wa Kikamba wa makamo, leso kiunoni, akibishana na vijana kuhusu ligi za Ulaya. Wakazoea. Lete moja, chukua nyingine, ongeza kidogo. Mwanafunzi aliyehitimu aliuza zake zote siku ya kuhama, na wa mwaka wa kwanza akazinunua kesho yake. Karo ya binti yake Mutheu ilitoka humo humo.

Kabla wiki haijaisha, wengine walikuja. Mbuvi kinyozi alikuja na yake, picha ile ile, jina lile lile. Kisha kaka wawili waliokuwa hawajawahi kuingia dukani bila mzaha. Safari hii walisimama mlangoni wakamtazama. Picha ya Kinuthia ilizunguka kwenye makundi ya simu ya hosteli. Jina la Macharia likajulikana Witeithie nzima na watu ambao hawangemtambua hata wakipishana naye. Wateja waliacha kuuliza bei. Waliokota CD, wakaigeuza, wakauliza, "Na hii ni ya nani?"

Ijumaa asubuhi alikuta mtu ameandika kwa makaa kwenye mlango wa mabati: RUDISHA.

Alilifuta kwa maji na sabuni. Herufi zilififia lakini hazikutoka.

Adhuhuri, Erastus akaja. Erastus aliuza rangi na misumari mwisho wa safu ya maduka, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara hapo. Mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka, asiyepaza sauti.

"Mama Mutheu, habari ya kazi."

"Nzuri, chairman."

"Sisi hatukushuku. Nataka ujue hivyo." Aliyaangalia maandishi yaliyofifia mlangoni kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Lakini hawa vijana wameibiwa, na wana hasira. Wakija hapa na hasira yao, hawatachagua duka. Unanielewa? Moto hauangalii ni mlango wa nani."

"Mimi nilinunua, chairman. Nilinunua kwa mtu na pesa yangu."

"Basi huyo mtu aonekane. Jumapili vijana watakuwa hapa, mimi pia nitakuwa hapa. Mlete aseme. Asipoonekana, itabidi tukuombe ufunge, kwa usalama wako."

Alimpa mkono kwa heshima na kwenda zake.

Kalondu alikuwa na namba ya yule mama. Jumamosi alifunga duka mapema akaenda Gatongora, huko Ruiru, akaelekezwa kwa simu, kona baada ya kona, mpaka kwenye nyumba ya mawe yenye ua wa michongoma. Mwanamke aliyemfungulia alikuwa amevaa sweta lile lile alilokuwa nalo siku ile ya kuuza. Jina lake Waceke. Alimkumbuka Kalondu mara moja.

"Karibu ndani, mama. Ni zile vitu? Ziliharibika?"

"Hazijaharibika." Kalondu aliketi ukingoni mwa kiti. Njiani alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalionekana makali mno. "Nilitaka kuuliza kuhusu Macharia. Kama yuko. Kuna kitu anafaa kubonyeza."

Waceke aliketi upande wa pili wa meza.

"Macharia ni kijana wangu," akasema. "Alikuwa fundi wa stima huko Thika. Tulimzika mwezi wa nne. Mapafu."

"Pole, mama. Pole sana. Sikujua."

"Ungejuaje. Sikukuambia."

Kalondu akamweleza yote, kwa kusitasita: mashine mpya, jina linaloshikamana na CD, picha inayozunguka, mlango. Waceke alisikiliza huku akinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. Jambo moja tu ndilo aliloliuliza.

"Kwa hivyo huko kwako, mtu akiweka, inasema ni ya Macharia?"

"Inasema."

"Hadi leo?"

"Hadi leo, mama."

Mwanamke aliinuka na kumpeleka chumba cha ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mashine ilikuwa juu ya kimeza, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na pembeni yake televisheni ndogo. "CD nilidhani ni kama kanda tu," Waceke alisema, "nikaona zinajaza kabati. Lakini hii ndiyo alikuwa akikaa nayo. Hii sikuweza." Aliibonyeza. Ilikuwa wazi kwamba amezoea kuibonyeza. "Kila Jumapili nikitoka kanisa naiwasha. Sijui kucheza. Naangalia tu."

Kioo kikawaka, mashine ikamkaribisha Macharia kwa jina. Chini yake zikajipanga gemu zake zote kwa picha ndogo ndogo, kila moja na siku aliyoicheza mara ya mwisho. Waceke alizigusa hewani kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Hii ya mpira ndiyo alimaliza nayo. Unaona? Hapo ni wiki ile ya kwenda hospitali."

Kalondu aliona. Aliona pia, kwa jicho la kazi yake, mahali pa kuingilia. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba kuna njia ya kuziachilia, ni suala la kubonyeza tu, hata nywila haihitajiki kwa sababu mashine bado inamhesabu kijana yuko ndani.

"Nikiziachilia, zitabaki hapa?"

"Zitatoka. Zitaenda kwa wale walionunua."

"Na hapa patabaki nini?"

"Jina. Na mashine."

Waceke aliangalia kioo kwa muda. "Wacha niweke chai," akasema, akatoka.

Pedi ya kuongozea mashine ilikuwa kitandani. Kalondu aliitazama, kisha akaishika, akijiambia kwamba anataka tu kuhakikisha kama alivyosema ni kweli. Vidole vyake vilijua njia. Vikashuka kwenye mipangilio, vikaingia kwenye michezo, vikafika kwenye maneno aliyoyatafuta: Achilia yote. Kutoka jikoni alisikia maji yakimiminwa sufuriani, kisha kiberiti. Aliwaza makaa mlangoni. Alimwaza Mutheu kidato cha tatu, na jinsi Erastus alivyotamka neno moto kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Aliwaza kwamba kijana ameshakufa, na walio hai wana milango inayoungua.

Mashine ikamwonya kwamba hatua hiyo hairudishwi. Ikamuuliza kama ana hakika.

Akabonyeza.

Hakukuwa na kishindo chochote. Picha zilitoweka kuanzia mwisho wa mstari, moja moja, bila haraka, ile ya mpira ikiwa ya mwisho, na mahali pake pakabaki kijivu kitupu. Kalondu aliizima mashine. Akaifunika kwa kile kitambaa cha kufuma, akanyoosha pembe zake, akarudisha pedi pale pale ilipokuwa.

Waceke aliingia na chai kwenye sinia.

"Nimeizima," Kalondu alisema. "Isimalize token za stima."

"Umefanya vizuri." Waceke alimimina vikombe viwili na kuketi kando yake kitandani. "Nimefikiria huko jikoni, mama. Kesho nitakuja mimi mwenyewe huko Witeithie. Nikitoka kanisa napitia hapa, kisha nakuja. Nitawaambia ni mimi niliyekuuzia, na mwenye jina ni kijana wangu. Nitabeba hata kile kikaratasi cha mazishi, kina picha yake. Wakiwa na mama zao, wataelewa." Akapuliza chai yake. "Lakini zile vitu za ndani usiniambie niachilie. Hilo siwezi."

Kikombe kilikuwa cha moto na Kalondu alikishika hivyo hivyo.

"Sawa, mama," akasema.

Alikunywa chai yote. Alipoagana mlangoni, Waceke alimfungia mkate kwenye gazeti ampelekee binti, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Jioni hiyo, kabla hajafika kwake, ujumbe wa Kinuthia uliingia. Imefunguka. Halafu wa Mbuvi. Imefunguka. Kalondu alisimama kando ya barabara akizisoma, akangoja kuhisi nafuu. Ilikuja, lakini kidogo, na haikukaa.

Jumapili mchana walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Wanafunzi walijaa mbele ya kaduka hadi kwenye duka la jirani, ambalo mwenyewe alikuwa ameshusha mlango. Hakuna aliyepiga kelele. Walizungumza kwa sauti za chini, kama watu walio nje ya wodi. Erastus alikuwa amesimama kando, mikono mgongoni, koti limefungwa vifungo vyote.

Kinuthia ndiye aliyesogea.

"Mathe, ile CD imefunguka."

"Niliona. Nashukuru."

"Ya Mbuvi pia. Na za hawa wengine. Zote wakati mmoja, jana." Sauti yake ilikuwa ya upole kama siku zote. "Tumeuliza wanaojua. Kuachilia CD, lazima uwe na mashine ya mwenyewe. Siku ile uliniambia Macharia humjui. Jumamosi mashine yake imefunguliwa. Hiyo mashine iko wapi?"

Nyuma yake mtu alisema kitu, na wengine wakasogea hatua moja mbele.

"Iko kwa mama yake," Kalondu alisema. "Ruiru. Kijana alifariki."

"Pole. Na nani alibonyeza?"

Aliona jinsi swali lilivyokuwa limenyooka, na jinsi majibu yote mawili yalivyokuwa mabaya.

"Mama yake," akasema. "Mama yake mwenyewe. Anakuja, aliniahidi anatoka kanisa."

"Makanisa yametoka kitambo, Mama Mutheu," Erastus alisema. Alikuwa amewafikia bila mtu kumwona akitembea. "Hakuna haja ya kusumbuana. Mpigie. Aseme hayo maneno tu, ni mimi niliyebonyeza, na hawa vijana waende nyumbani. Weka sauti kubwa, tusikie sote."

Kalondu alitoa simu. Kidole kilichojua njia zote jana sasa kilikosea jina, kikalirudia. Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, akaiweka juu ya kaunta, kati ya CD zilizopangwa.

Safari hii ilipokelewa.

"Mama Macharia," Kalondu alisema. "Ni mimi. Kalondu wa Witeithie."

Hakuna aliyejibu. Erastus aliinama kidogo, Kinuthia naye akainama, na waliokuwa nyuma wakanyamazishana kwa mikono. Kutoka kwenye simu ulikuwa ukija muziki mwembamba, wa taratibu, usio na maneno, ule ambao mashine mpya hupiga ikiwa imewashwa na inasubiri mtu achague. Ulifika mwisho wake, ukaanza tena.