Pambo la Nyuma ya Mti

Theluji ilipoanza kuanguka kwenye televisheni, mtu wa kwanza kucheka alikuwa Malkia mwenyewe. Alicheka mapema makusudi, ili wageni wake wasimtangulie. Ilikuwa theluji ya povu. Kipande kimoja kilitua juu ya nyusi ya kijana mchumba kikang'ang'ania hapo, naye akaendelea kutamka mahaba kwa uso mkavu kama msomaji wa taarifa ya hali ya hewa.

Jina la Malkia lilimganda tangu enzi alizovaa taji la kadibodi jukwaani na kuwatoa watu machozi. Kisha umri ukasogea, simu zikapungua, zikakoma. Ndipo alipoitwa kuwa mama wa bibi harusi katika filamu ya mapenzi ya Krismasi, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Waliipiga harakaharaka, katika joto kali, wakiloa jasho ndani ya makoti ya sufu. Alasiri hiyo ilikuwa inaonyeshwa kwa mara ya kwanza.

Kwenye kochi alikaa na mdogo wake, ambaye alifiwa na mumewe mwaka huohuo na tangu hapo akawa anazungumzia kila kitu isipokuwa huyo marehemu. Kaka yao mkubwa alikuwa karibu na dirisha. Kiti cha heshima alikikalia mwongozaji wa michezo ya kuigiza waliyemwita Mkuu, mzee aliyemfundisha Malkia kazi. Mkuu alikuwa akitayarisha mchezo mpya, na ndani yake kulikuwa na mwanamke hakimu, na Mkuu bado hakuwa amempata mtu wa kumcheza. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini lilikuwa limekaa nao pale sebuleni kama mtu wa tano.

Malkia aliwafungulia njia ya dhihaka. Aliwaonyesha fundi seremala ambaye viganja vyake havikuwa na hata mkwaruzo. Aliwaeleza kuwa mchumba wa kwanza hakupewa kazi nyingine zaidi ya kuongea na simu, ili binti apate sababu ya kumwacha. Kaka alisema ameshaiona harusi tangu dakika ya kwanza, kilichobaki ni kuwangoja wenyewe wagundue. Wakacheka wote. Mkuu alicheka hadi akavua miwani akaifuta, na Malkia akahisi moyo umemtulia. Mambo yalikuwa yanakwenda alivyopanga.

Halafu ikafika sehemu yake. Mama, mjane, anapamba mti peke yake. Ndani ya boksi anakuta ndege wa kioo ambaye marehemu mumewe alizoea kumtundika juu kabisa, mbele. Mswada ulimtaka alie kwa sauti. Malkia hakulia. Siku ile ya kurekodi, bila kumwomba mtu ruhusa, alimtundika ndege mahali pake, akamtazama, akamtoa, akazunguka akamtundika nyuma ya mti, upande unaoelekea ukutani. Kisha akaendelea na mapambo mengine.

Kochini, mdogo wake aliacha kutafuna. Mkono wake ulibaki juu ya bakuli la karanga, haupandi wala haushuki.

"Na huyu mama naye," Mkuu akasema huku akitabasamu, "anamficha ndege asije akaruka." Kaka akaangua kicheko. Mkuu akamgeukia Malkia kwa upole wa mtu anayefungua mlango. "Niambie tu ulikuwa unatafuta riziki, tuyasahau haya. Hakimu wangu anakusubiri."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ameyafanyia mazoezi tangu asubuhi. Malkia aliutazama ule mkono juu ya bakuli. Akayameza.

"Theluji ni povu, Mkuu. Mazungumzo yao ni maji matupu, na yule kijana hajui hata kushika nyundo. Hayo yote nimeyasema mimi mwenyewe. Lakini pale kwenye mti sikuwa natafuta riziki. Nilikuwa naigiza, na niliigiza vizuri."

"Ni filamu ya peremende, Malkia."

"Ni ya peremende. Wanaofiwa nao wanaitazama."

Mkuu alisema, bila ukali, kwamba anahitaji mtu anayeijua tofauti ya sanaa na mzaha. Malkia akamjibu kuwa tofauti hiyo alifundishwa na yeye, na ndiyo maana hacheki pale kwenye mti. Mzee alichukua kofia yake, akashukuru kwa chai, akasindikizwa hadi mlangoni kwa adabu zote. Huko mlangoni alisita kidogo, kama mtu anayengoja aombwe radhi. Malkia alimtakia safari njema.

Aliporudi, kaka alimwambia ameipiga teke bahati yake mwenyewe, tena kwa ajili ya upuuzi. Malkia alijua huenda ni kweli. Hata hivyo hakumfuata mzee, wala hakuizima televisheni. Alimwambia kaka yake kwamba anayetaka kucheka akachekee nje, na kaka, ambaye hakuwahi kuambiwa hivyo na dada yake, alikwenda kusimama barazani.

Wakabaki wawili. Mdogo wake alikuwa bado ameyakaza macho kwenye skrini.

"Mimi miwani ya mume wangu nimeiweka nyuma ya redio, dada," akasema. "Mgeni akikaa haioni. Nikifuta vumbi, naiona."

Malkia alisogea wakabanana. Aliichukua rimoti akaongeza sauti. Kwenye skrini binti alikuwa anakimbia kuelekea kituo cha treni, kwa viatu ambavyo hakuna mtu angeweza kukimbia navyo.

"Wataoana hawa?"

"Wataoana."

"Basi usiniambie itakuwaje," mdogo wake akasema, akavuta miguu yake juu ya kochi.