Jiwe Chini ya Ulimi wa Hurmat

Hurmat alikuwa mtengeneza achari wa mji wa Shikarpur, na kazi hiyo haifanyiki bila kuonja. Embe mbichi, ndimu, karoti, haradali, vyote vilipita kwenye ulimi wake kabla ya kutiwa kwenye magudulia na kuanikwa juani. Ndiyo maana ugonjwa ulimkuta kazini. Siku hiyo alilamba kipande cha ndimu, mate yakamjaa, na papo hapo akahisi kitu kikimbana chini ya taya, upande wa kushoto. Alipopapasa akakuta uvimbe kama yai la kware. Alikaa chini, akasubiri. Muda si mrefu uvimbe ukanywea wenyewe.

Kesho yake, alipokula, ukarudi.

Hakumwambia mtu. Baba yake alikufa kwa saratani ya kinywa. Mzee yule alikuwa mtu wa uraibu, popoo na tambuu na chokaa na tumbaku tangu alfajiri, na mwisho wake alikuwa akinyweshwa maji kwa kitambaa kwa sababu kinywa hakikufunguka tena. Hurmat mwenyewe alitafuna popoo tangu alipokuwa bibi harusi, kama walivyofanya wanawake wengi wa mtaa ule. Basi akaamini zamu yake imefika. Akaanza kula peke yake jikoni, shela ameibana chini ya kidevu. Na akaacha kuonja achari.

Wa kwanza kugundua alikuwa Nasiban, dada mkubwa wa mumewe, mjane aliyeishi nao nyumba moja. Nasiban alikuwa na midomo myekundu kwa tambuu na ulimi usiopumzika. Watu wa harusi moja walioagiza achari kwao waliporudisha gudulia zima, alichovya kidole, akalamba, akakunja uso.

"Wifi, chumvi hii umetia kwa kijiko au kwa beleshi?"

"Macho yangu yamechoka."

"Kumbe siku hizi chumvi inaonjwa kwa macho. Njoo hapa. Fungua kinywa, uonje dhambi yako mwenyewe."

Hurmat alikataa, Nasiban akamng'ang'ania, na kwa kuwa mkubwa hakataliwi mara mbili, Hurmat akapokea kipande cha ndimu. Uvimbe ukapanda mbele ya macho ya wifi yake.

"Matubwitubwi," Nasiban alisema. "Mwanamke ana wajukuu, anaugua matubwitubwi. Ngoja niwaite watoto wa mtaa waje wakutazame."

Kisha akaona macho ya Hurmat yamejaa machozi, akaacha utani.

"Lina muda gani hili?"

"Tangu kabla ya msimu wa embe."

"Kaka yangu anajua?"

"Hajui mtu. Ni kile kilichomchukua baba."

Nasiban aligeuka, akatema tambuu yake uani, akarudi. "Utakwenda hospitali Sukkur."

"Siendi. Watanikata shavu."

"Basi usiende. Tutakuzika na mashavu yako yote mawili, mazima, wafu wenzako wakuonee wivu."

Hakwenda. Ila mwili wenyewe ulimlazimisha. Homa ilimpanda, sakafu ya kinywa ikavimba hata ulimi ukainuka, na chini ya ulimi ukaanza kutoka usaha wenye ladha ya chumvi na kutu. Mumewe, Allahdino, mtu mpole aliyeuza achari sokoni na hakuwa na desturi ya kuamrisha, alikuja na gari la jirani, akasimama mlangoni.

"Panda," alisema. Hilo tu. Nasiban akapanda pia, na kikopo chake cha uraibu mapajani.

Daktari wa kinywa alikuwa mwanamke, Daktari Mahjabin, mwenye sauti ya chini na mikono myepesi. Alimkalisha Hurmat kwenye kiti, akavaa glavu, akaingiza kidole chini ya ulimi, na kwa mkono wa pili akasukuma kutoka nje, chini ya taya. Vidole vikawa vinatafutana kupitia nyama, kama mtu anayepapasa kokoto kwenye dengu.

"Hili hapa," alisema.

Hurmat alisubiri kinywa kiwe tupu. "Ni saratani?"

"Ni jiwe, mama."

"Jiwe? Mimi sijala mawe."

"Anakula popoo, daktari," Nasiban alisema kutoka kwenye benchi. "Popoo na mawe haviko mbali."

Daktari alitabasamu. Akamgusa Hurmat mbele ya sikio, kisha chini ya taya, kisha chini ya kidevu. Mate, alisema, yanatoka kwenye tezi za sehemu hizi, kila upande na zake. Tezi ya chini ya taya ina mrija mrefu unaopanda kwenda mbele na kumwaga mate chini ya ulimi, karibu na ule ukano unaoushika ulimi. Mate yake ni mazito, nayo yanapanda mlima. Wakati mwingine chumvi za mwilini hugandamana humo, zikawa jiwe. Ukila, hasa kitu kichachu, tezi inasukuma mate, jiwe linaziba njia, tezi inavimba. Ukimaliza, mate yanapenya polepole, uvimbe unashuka.

"Kwa hiyo ndimu ndiyo iliyonifichua," Hurmat alisema.

"Ndimu ilifanya kazi yake."

Daktari aliwasha taa, akamtaka apanue kinywa vizuri. Akaangalia ufizi, kaakaa, kidakatonge, mafindofindo pembeni mwa koo, na mashavu kwa ndani. Mashavu yalikuwa yameanza kupauka, alisema, lakini bado laini. Popoo aiache leo.

"Mwambie, daktari," Nasiban alisema. "Mimi hanisikii."

Daktari akamtazama midomo. "Na wewe mama, njoo ukae."

"Mimi nimesindikiza tu."

"Kukaa hakuumi."

Nasiban alikaa, akicheka. Daktari akamwambia aingize vidole vyake vitatu, vimesimama wima, katikati ya meno. Viwili vilipita kwa taabu. Cha tatu hakikupita. Alijaribu tena, akageuza kichwa, akajaribu upande. Hapo ndipo kicheko kilipoisha.

"Tangu lini unamega chapati vipande vidogo vidogo?"

"Hiyo ni adabu."

"Zamani alikuwa anaikunja nzima," Hurmat alisema taratibu.

"Na pilipili?"

Hurmat akajibu tena, kwa niaba ya Nasiban, kwamba ni miaka sasa hagusi pilipili, anasema imezidi ukali siku hizi. Daktari alipapasa mashavu yake kwa ndani. Yalikuwa yamekakamaa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, na nyuma ya magego palikuwa na doa jeupe lenye kingo ngumu. Halikuwahi kumuuma hata siku moja.

Hurmat alipewa dawa za kumaliza usaha, na aliporudi alidungwa ganzi chini ya ulimi, mrija ukachanwa kidogo, jiwe likatoka. Lilikuwa la manjano, mfano wa punje ya ngano. Nyuma yake mate yakabubujika mpaka yakamlowesha kidevu, naye akabaki ameduwaa, hajui ayafute au ayaache.

Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye doa la Nasiban na kupelekwa kupimwa kilileta jibu jingine. Ilikuwa saratani, ingawa changa. Alipelekwa Karachi, akatolewa sehemu ya shavu, pakazibwa kwa ngozi ya mkononi mwake, kisha akapigwa mionzi. Mionzi ikaokoa uhai, ikachoma tezi za mate. Aliporudi Shikarpur kinywa chake kilikuwa kikavu kama majivu. Tonge likimganda kwenye kaakaa, halishuki, halitoki. Maneno nayo yalikwama, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

"Sasa mtapumzika," alimwambia kaka yake, neno moja moja, akinywa funda la maji katikati.

Allahdino alitoka nje, akakaa uani muda mrefu.

Hurmat ndiye aliyejifunza kumlisha. Aliloweka chapati kwenye mchuzi wa kuku, akaponda dengu mpaka zikawa uji, akachanganya wali na maziwa ya mgando. Mwanzoni Nasiban alisukuma bakuli. Alisema hali chakula cha watoto wachanga. Hurmat hakubishana naye. Alilivuta bakuli, akala nusu yake, akamrudishia.

Mwaka uliofuata mtoto wa binamu yao aliolewa, na Nasiban alitaka kwenda. Alikaa kwenye mkeka na wanawake wengine, chupa ya maji pembeni, akala wali wake wa maziwa kijiko kimoja kimoja. Wenzake walimaliza, wakanawa mikono, wakainuka kwenda kumtazama bibi harusi. Mmoja akamwita Hurmat aje.

"Nendeni," Hurmat alisema. "Tunakula bado."

Mbele yake hakukuwa na sahani. Akaketi pale mpaka wifi yake alipomaliza.