Siku Kumi na Nne Ndani ya Beseni

Kinyozi alikuwa ameshapoteza samaki wake wanane wa kufuga kwa ugonjwa ulioingia tangini na mimea ya majini. Safari hii aliisuuza mimea mipya jani kwa jani, akaitenga kwenye beseni la kuogea kwa siku kumi na nne, akiibadilishia maji kila asubuhi. Nyumba nzima ikawa inaoga kwa jirani. Siku ya kumi na tatu akaona konokono juu ya jani.

"Mama watoto, tunaanza kuhesabu upya!"

"Umemshika?"

"Kwa mkono huu."

"Basi na wewe una ugonjwa. Toka nje, siku kumi na nne."

Kinyozi akafikiri, akaona mkewe ana hoja. Akabeba mkeka na ndoo ya maji mpaka barazani.

"Maji yangu ubadilishe kila asubuhi," alisema. "Na usiniruhusu niwakaribie samaki, hata nikilia."